Kadi ya Dani na Meno Yake ya Dhahabu

Nimestaafu. Naitwa Awino, nina miaka kumi na saba, magoti yangu hayana shida, na kengele ya alfajiri bado inaniamsha kama wenzangu, lakini kazini nimestaafu. Kwa miaka mitatu na ushee nilikuwa mtu wa maabara ya kompyuta katika shule yetu ya bweni, huku upande wa Asumbi. Nawaandikia ninyi wa Form Two mnaorithi vumbi langu, kwa sababu najua Madam atawaambia kanuni tu. Mimi nitawaambia yaliyotokea.

Sitazungumzia vyeo. Nilianza kama mfagiaji wa maabara nikaishia kuwa kapteni wa maabara, na tofauti ni kwamba kapteni hufagia akiwa na beji. Mshahara pia sitautaja. Ulikuwa mandazi, na uliliwa siku hiyo hiyo.

Siku ya kwanza nilifika mlangoni nikiwa Form One, sare imenizidi ukubwa, nikakutana na Madam Atieno. Madam ndiye fundi wa maabara na ndiye anayefundisha kompyuta, yote mawili kwa kandarasi moja ya bodi ya shule. Ni mfupi, haongei kwa sauti, na anakuangalia kama mtu anayekutafutia skrubu iliyopotea.

"Umevua viatu?"

"Ndiyo, Madam."

"Na soksi. Vumbi likiingia humu linakaa kuliko mwalimu mkuu."

Nikavua soksi. Akaangalia miguu yangu, hakuipenda.

"Unatoka wapi?"

"Migori, Madam. Masara."

"Kwa dhahabu."

"Kwa dhahabu, lakini sisi wenyewe hatuna."

"Huko hakuna mwenye nayo. Shika kitambaa."

Hayo ndiyo yaliyokuwa mahojiano yangu ya kazi. Wengine wanasema wamehojiwa na watu watano nyuma ya meza ndefu. Mimi nilihojiwa na mtu mmoja, nikiwa pekupeku.

Kompyuta zilikuwa kumi na mbili. Kumi na moja zilikuwa ndogo, za kawaida, kila moja na sanduku lake pembeni, na zilikuwa polepole kiasi kwamba ukibonyeza unaweza kwenda kunywa maji urudi. Ya kumi na mbili ndiyo ilikuwa Dani. Sisi tulimwita hivyo kwa sababu kwa Kijaluo dani ni nyanya, na yeye alikuwa mzee, mnene, mwenye heshima, na ukimharakisha anakasirika. Dani alikuwa mashine ya zile wanazoita all-in-one, yaani kila kitu kiko nyuma ya kioo: skrini, ubao mkuu, feni, diski, vyote vimebanana kama Form One kwenye kitanda cha juu. Aliletwa na mwanafunzi wa zamani aliyefanikiwa. Ni Dani peke yake aliyeweza kuunganishwa na projekta bila kuzimika. Kwa hiyo somo zima la kompyuta, kutoka Form One hadi Form Four, lilipita kwenye uso wake.

Madam alinifundisha kazi kwa njia moja tu: karatasi. Kabla hajafungua kitu chochote, aling'oa ukurasa wa kitabu cha mazoezi, akachora kile kitu, na kila skrubu aliyoitoa akaiweka juu ya mchoro, mahali ilipotoka. Nilipomuuliza kwa nini tusikumbuke tu, alisema, "Wewe umesahau daftari la Kiswahili mara tatu wiki hii." Sikuuliza tena. Vifaa vyake vilikuwa bisibisi tatu, moja ikiwa ya ncha ya nyota, brashi ya mchoraji ya kufagia vumbi, tochi ya kichwani, na chupa ndogo ya spiriti ambayo aliifungia kwa kufuli, kwa sababu anatujua.

Kesi ngumu zilikuwepo. Kulikuwa na kibodi kilichonyweshwa uji wa asubuhi na binti aliyesema ni "unyevunyevu wa hewa". Unyevunyevu wa hewa hauna sukari. Kulikuwa na panya waliojenga nyumba ndani ya printa kwa kutumia karatasi za mtihani wa hesabu, na nadhani wao ndio waliofaidika zaidi na mtihani ule. Kulikuwa na dada mmoja wa Form Three aliyesikia kuna virusi kwenye mashine namba saba, akaja amevaa barakoa. Huyo sikumwambia kitu muhula mzima. Ninajuta kidogo, lakini si sana.

Kesi ambayo nitazikwa nayo ni ya Dani.

Ilikuwa muhula wa pili nikiwa Form Three. Katikati ya somo, mistari ya waridi ikaanza kushuka kwenye skrini kutoka juu hadi chini, kama pazia la shanga la saluni. Kesho yake ikaongezeka. Kesho kutwa ukimwasha, mlio wa kuamka unausikia, feni inazunguka, halafu mistari mitupu, picha hakuna.

"Skrini imekufa," nikasema, kwa uzoefu wangu wa miaka miwili na nusu.

Madam alichomeka projekta, akaiwasha, akaelekeza ukutani. Ukutani pia mistari ileile.

"Skrini yake ingekuwa ndiyo mbaya, ukuta ungekuwa safi," alisema. "Anayechora ndiye mgonjwa."

Anayechora ni kadi ya grafiki. Hiyo ndiyo inayogeuza mawazo ya kompyuta kuwa kitu unachokiona. Bila hiyo mashine inafikiri lakini haiwezi kukuonyesha inafikiri nini, kama mimi kwenye mtihani wa kemia, tofauti tu ni kwamba mimi hata kufikiri sifikiri.

Tulimfungua Dani. Kwenye mashine ya aina ile, kadi ni ndogo, haizidi kitabu cha sala, na imelala bapa chini ya bamba la shaba linalonyonya joto. Upande mmoja ina safu ya meno madogo ya rangi ya dhahabu, ambayo ndiyo yanaingia kwenye ubao mkuu. Madam aliichomoa, akaiweka juu ya karatasi, akafuata ukingo wake wote kwa penseli, kisha akatia ncha ya penseli katika kila tundu la skrubu. Akaandika pembeni namba zilizokuwa nyuma ya kadi. Kadi akaitia kwenye bahasha ya kaki, bahasha akaitia kwenye droo.

"Kuna fundi Kisumu ana mashine ya kupasha moto chipu na kuikalisha upya. Nikipata nafasi nitampelekea."

"Madam, kwenye intaneti watu wanaioka tu ndani ya oveni. Dakika chache."

"Oveni ya nani?"

Jikoni kwetu kuna majiko mawili ya kuni na sufuria ambayo Form One mzima anaingia. Nikaona hoja yake.

Sasa nakuja mahali pa aibu. Mtoto wa Masara hafundishwi dhahabu ni nini. Anaikuta kwenye maji ya karai, kwenye kucha za wajomba zake, kwenye mazungumzo ya chakula. Kwetu ukiona kitu kinang'aa manjano, hujiulizi kinafanya kazi gani. Unajiuliza kimeshikana na nini, na utakitoaje. Jumamosi moja nilikuwa peke yangu maabara nikifagia. Droo haikufungwa. Mkasi wa kukatia mabati ulikuwa mezani, umebaki pale baada ya fundi wa mifereji. Kadi ilikuwa imekufa, kwa maoni yangu ya kitaalamu. Nikakata ile safu ya meno, yote, kwa mstari mnyoofu ambao hata leo naujivunia, nikaificha ndani ya mkebe wangu wa jometri. Kadi nikairudisha kwenye bahasha. Nilitaka kumwonyesha mjomba likizo ikifika, anione mtu. Likizo ikafika, mjomba alikuwa Tanzania kwenye shimo jingine, na meno yakabaki chini ya bikari yangu.

Mwaka huu, muhula wa kwanza, mwalimu mkuu akamwita Madam ofisini. Mimi nilikuwa nje napanga viti vya wageni kwa unyoofu usio wa kawaida, kwa hiyo nilisikia. Bodi ingekuja Jumanne baada ya mapumziko ya nusu muhula. Kandarasi ya Madam ilikuwa inaisha. Mwanachama mmoja wa bodi alikuwa ameuliza mtu wa kompyuta anafanya nini ikiwa kompyuta yenyewe ya kufundishia imelala tangu mwaka jana, na kama chumba kile hakingefaa zaidi kuwa stoo ya mahindi.

"Mimi nakutetea," mwalimu mkuu alisema, "lakini nikifungua ule mlango nataka waone kitu kimewaka."

Madam alirudi maabara, akakaa mbele ya Dani akiwa amezimwa, akajiona kwenye kioo cheusi. Halafu akafungua droo, akachukua bahasha.

"Nusu muhula nakwenda Kisumu."

Bahasha ikifunguliwa Kisumu, na mimi nimefunguliwa nayo. Nikaanza kuongea kama wakala wa bima. Nikamwambia kadi iliyopashwa moto huamka wiki mbili ikalala tena, jambo ambalo ni kweli kwa nyingi, wameandika hivyo kila mahali. Nikamwambia bodi haitaki mgonjwa aliyepata nafuu, inataka mzima. Nikamwambia Migori mjini kuna duka la vifaa vya kompyuta, nyumbani kwetu ni karibu, na yeye mwenyewe kwao ni Migori.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Tangu lini wewe unapenda kazi hivi?"

"Tangu zamani, Madam. Nilikuwa naficha."

Basi Ijumaa ya mapumziko tukakutana dukani kwa Bwana Swaleh. Huyu ni mtu wa Lamu aliyekaa Migori miaka mingi mpaka anasalimia kwa Kijaluo, lakini Kiswahili chake kimebaki kilekile cha kwao, kila neno limepigwa pasi. Nyuma yake kulikuwa na kadi za grafiki kwenye maboksi. Moja ilikuwa na feni tatu na taa zinazobadilika rangi. Niliipenda papo hapo.

"Ile ni giga ngapi?" niliuliza.

"Nane, mwanangu."

"Madam, giga nane. Ya Dani ilikuwa hata moja haifiki."

Bwana Swaleh akaishusha, akaiweka kaunta. Ilikuwa ndefu kama mkono wangu kutoka kiwikoni.

"Na kompyuta yenyewe ni ipi, mama?" alimuuliza Madam.

Madam alipomweleza, aliirudisha kadi kwenye boksi taratibu.

"Hii ni ya kompyuta ya sanduku, inasimama wima na kunywa umeme mwingi. Yenu inataka kadi ya kulala, jamii ya zile za laptopu. Nikikuuzieni hii, kesho kutwa mtanirudishia, nami nitaona haya. Nionyesheni ile ya zamani nipate kuitambua."

Madam akaingiza mkono kwenye mkoba, akatoa bahasha.

"Tuna mchoro," nikasema, haraka kuliko nilivyopanga. "Mchoro ni bora. Una vipimo."

Nikauchomoa mchoro kutoka kwenye daftari la Madam, nikautandaza kaunta. Bwana Swaleh akavaa miwani, akaweka kidole kwenye kila tundu. Bahasha ikarudi mkobani.

"Sina," alisema mwishowe. "Wala hamtapata mpya, hizi hazitengenezwi tena. Mnachotaka ni mashine mfu ya jamii hiyohiyo, mchukue kadi yake. Mimi nilikuwa nazo. Ofisi moja ilifungwa, wakaniletea mashine mbovu, kubwa na ndogo. Nimezikalia mwaka mzima. Juzi nimemwachia Obura wa Masara."

"Obura anafanyia nini kompyuta?" Madam aliuliza.

Mimi nilishajua. Obura ni jirani wa mjomba wangu. Ananunua vibao vya kompyuta na simu zilizokufa, anakata kila mahali penye manjano, halafu anayeyusha.

"Anazikata meno, Madam," nikasema. "Twende."

Bwana Swaleh akatupa na kichupa cha pesti ya joto, ile ya kijivu ya kupaka kati ya chipu na shaba. Akatuambia tusizidishe.

Tulimkuta Obura uani kwake chini ya kipande cha bati, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mkasi mkubwa mkononi. Mbele yake kulikuwa na karai la vipande vya meno na rundo la vibao. Nilihesabu kadi za kulala. Nne. Wakati nahesabu akakata moja, zikabaki tatu.

"Jaduong', mzee wangu, ngoja," nikasema.

"Nyar Masara, binti wa kwetu," alisema bila kuinua kichwa. "Shule imefungwa ama umefukuzwa?"

"Nusu muhula. Huyu ni mwalimu wangu, Madam Atieno. Tunatafuta kadi moja, nzima."

"Nzima?" Akainua kichwa sasa. "Ya kufanyia nini?"

"Ya kutumia," Madam alisema.

Obura aliangalia karai lake, kisha akamwangalia Madam kama mtu aliyeambiwa samaki wanaweza pia kufugwa ndani ya nyumba. Akasogeza tatu zilizobaki. Moja ilikuwa imepasuka katikati. Zikabaki mbili.

Sasa wadogo zangu, hapa ndipo msome polepole. Kadi ya kwanza ilikuwa ndefu, imeandikwa kiasi mara nne ya kumbukumbu ya ile ya Dani. Ya pili ilikuwa fupi, kumbukumbu sawa na ya zamani, haina sifa yoyote.

"Hii ndefu," nikasema. "Tukishaingia gharama ya kumfungua Dani, tumpe nguvu."

"Itoshee wapi?" Madam aliuliza.

Akaweka mchoro juu ya ndoo, akalaza kadi ndefu juu yake. Ilipita ukingo kwa vidole viwili. Matundu manne ya kuzunguka chipu hayakukutana na alama za penseli hata moja.

"Matundu yasipokutana, shaba haikai. Shaba isipokaa, joto haliendi popote. Na hii inakula umeme ambao pawa saplai ya Dani haina. Unaona hii namba nyuma? Ni ya mashine yenye kioo kikubwa kuliko chake. Hata ikiingia, Dani anaweza kuikataa akiamka, kwa sababu haijui."

Akalaza ile fupi. Ukingo ukakaa ndani ya penseli. Tundu juu ya tundu. Akageuza, namba zikawa zilezile, herufi ya mwisho tu ndiyo tofauti.

"Hii ilitoka kwenye mashine iliyokufa na nini?" alimuuliza Obura.

"Kwani inajalisha?"

"Inajalisha kuliko yote."

Obura akafikiri. "Hiyo fupi, mashine yake ilianguka mezani. Kioo kilikuwa vipande vipande. Hiyo ndefu ilipigwa na radi, ndani ilinuka mpaka mke wangu akaitoa nje."

Kwa hiyo mkiwa mnachagua kadi ya mtumba, msiulize giga. Ulizeni mwenyewe alikufaje. Aliyekufa kwa kuanguka kioo, mara nyingi moyo wake ni mzima. Aliyepigwa na radi muacheni apumzike.

"Tunachukua fupi," Madam alisema.

"Mimi siuzi kadi," Obura alisema. "Nikianza kuuza kadi, kesho vijana wote watakuja kuchagua chagua hapa. Mimi nabadilisha. Kwangu hii ni meno tu. Nipe meno kama haya, chukua hiyo."

Madam akatabasamu. Nilimwona, ni mara chache. "Basi tumeelewana. Ninayo ile iliyokufa." Akatoa bahasha, akaifungua, akamimina kadi kwenye kiganja.

Kadi ilitoka kibogoyo.

Kuku alipita. Obura akaichukua, akapitisha kidole gumba kwenye mkato.

"Aliyekata hii ana mkono mzuri," alisema. "Hakuacha hata kidogo. Ni fundi wa wapi?"

"Awino," Madam alisema. Hakuwa akiniangalia.

"Madam."

"Yako wapi?"

Nilifungua begi, nikatoa mkebe wa jometri, nikainua bikari, nikainua protrakta. Safu ya meno ilikuwa pale chini, imeshikana na vumbi la penseli. Nikampa Obura. Akaipima kwa macho, akaipangusa kwa shati, akaitupa kwenye karai. Akampa Madam kadi fupi.

"Umenipunguzia kazi, nyathina, mtoto wangu," aliniambia. "Ukimaliza shule uje."

Hata leo sijui kama ulikuwa utani.

Tulitembea hadi barabarani. Nilikuwa na mizaha mitatu tayari, nikaona yote haifai.

"Kisumu ilikuwa safari ya siku moja," Madam alisema.

"Ndiyo, Madam."

"Ndiyo sababu ya ile hotuba yako kuhusu mgonjwa aliyepata nafuu."

"Ndiyo, Madam."

"Ningekuwa nimempelekea yule fundi, ningemlaumu yeye. Ningemwambia amebadilisha kadi yangu." Akabeba mkoba kwenye bega jingine. "Na hii isipowaka?"

Ile kadi hakuna aliyeijaribu. Ilikuwa imelala kwenye rundo uani, jua na vumbi, na jambo pekee tulilolijua ni kwamba mashine yake ilianguka. Kama imekufa, basi nilikuwa nimemnyang'anya Madam kadi ambayo ingeweza kutibiwa na kumpa kipande cha bati. Stoo ya mahindi haihitaji mwalimu.

Jumatatu tulirudi shuleni. Kwenye mlango wa maabara nilivua viatu na soksi bila kuambiwa.

Kioo cha Dani kimeshikwa na sumaku tu. Kinavutwa kwa vile vikombe vya mpira vya kuning'inizia taulo bafuni, viwili, kimoja kila kona ya juu. Chini yake skrubu nane za nyota. Skrini inainuliwa kidogo kwanza, kwa sababu nyuma yake kuna nyaya nne fupi ambazo ukivuta kwa nguvu unakuwa umeanza kesi nyingine. Ndani kulikuwa na vumbi la kutosha kupanda sukuma wiki. Nilisafisha feni kwa brashi nikiishika isizunguke. Madam alifuta pesti ya zamani kwa spiriti mpaka shaba ikang'aa, kisha akaweka mpya, kiasi cha punje ya dengu. Vile vitambaa laini vya kupitisha joto vinavyokaa juu ya chipu ndogo za kumbukumbu tulivihamisha kimoja kimoja kwa kibanio cha nyusi, ambacho nacho kilikuwa changu na shuleni hakiruhusiwi. Madam alikiona, akaendelea na kazi. Tulikuwa na makosa makubwa zaidi ya kuongelea.

Skrubu za shaba hufungwa kwa msalaba: kona hii, kisha kona iliyo mkabala, kidogo kidogo. Ukifunga upande mmoja kwanza unaweza kuipasua chipu. Tulifunga kila kitu. Juu ya karatasi ikabaki skrubu moja.

"Labda ilikuwa ya ziada," nikasema.

Madam alinitazama, tukafungua tena kila kitu.

Mara ya pili karatasi ilikuwa tupu. Madam akachomeka waya, akabonyeza kitufe cha nyuma. Mlio wa kuamka ukasikika. Feni ikaanza. Skrini ikabaki nyeusi.

Nilihesabu kimoyomoyo. Nilifika ishirini. Madam alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. Nilifika thelathini na mbili, nikaanza kutunga nitakavyomwambia mama yangu, na hapo skrini ikawa ya kijivu, halafu alama ikatokea katikati, halafu picha ya ziwa ambayo Dani alikuwa nayo siku zote, bila mstari hata mmoja.

Madam hakushangilia. Alifungua video ndefu ya somo, akaiacha icheze saa mbili huku akiweka kiganja nyuma ya mashine kila dakika kumi, kama mtu anayepima homa ya mtoto. "Kuwaka ni rahisi," alisema. "Nataka kuona akikaa." Dani akakaa.

Jumanne bodi ikaja. Walikuwa watatu pamoja na mwalimu mkuu. Mzee mmoja mwenye koti zito alienda moja kwa moja kwa Dani. Projekta ilikuwa imewashwa, Form Two walikuwa wamejipanga wakifanya jedwali, na mimi nilikuwa ukutani na beji yangu.

"Hii ndiyo iliyokufa?"

"Ndiyo hii, mzee," Madam alisema.

"Mbona inafanya kazi?"

"Tulibadilisha kadi moja ndani."

"Wenyewe?"

"Wenyewe."

Mzee akainama, akaangalia nyuma ya mashine, akaweka kiganja pale pale Madam alipokuwa anaweka. "Ile ya zamani iliharibika na nini hasa?"

Madam alipanga karatasi zilizokuwa zimeshapangwa.

"Joto kwanza," alisema. "Halafu ikakatika. Hatukuweza kuiokoa."

Mzee akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Wakaenda kuangalia vyoo.

Jioni mwalimu mkuu akapita dirishani na kusema kandarasi ni miaka miwili, na chumba kibaki kilivyo. Akasema katibu ameenda nyumbani mapema, kwa hiyo Madam aandike barua mwenyewe na yeye atatia sahihi asubuhi. Madam akakaa mbele ya Dani. Alipiga chapa polepole, akafuta, akapiga tena. Akaandika jina lake kamili, akaliangalia kwa muda. Akachapisha nakala mbili.

"Awino," alisema, akiwa amenipa mgongo. "Weka funguo za maabara mezani. Kesho mmoja wa Form Two atachukua."

Nikaziweka. "Kwa hiyo nimefukuzwa, Madam?"

"Umestaafu. Kufukuza kunataka barua, na mimi leo nimeshaandika moja."